Mtegaji na Mteguaji: Historia ya Mashindano ya Chemshabongo Fiche Uingereza na Funzo Lake kwa Kiswahili

1. Utangulizi

Kila aliyelelewa katika Kiswahili amejua mchezo wa vitendawili kabla ya kujua kusoma. Mmoja husema "Kitendawili!", wenzake huitika "Tega!", naye hutega: "Nyumba yangu haina mlango." Anayejibu "yai" hupongezwa. Lakini mtoto akijibu "kaburi", huambiwa kwamba amekosa, na asipopata jibu jingine hutakiwa kutoa mji. Mtoto huyo hana pa kukatia rufani, ingawa kaburi nalo ni nyumba isiyo na mlango. Jibu la kitendawili limekwisha kuwekwa na waliotangulia. Ushahidi wake umo katika mazoea ya jamii, haumo katika maneno ya kitendawili chenyewe.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo wanafunzi wa fasihi simulizi wamelipita mara nyingi bila kusimama: fumbo la haki ni fumbo la namna gani? Je, mtegaji ana wajibu wowote kwa mteguaji, au yote ni ruhusa kwake mradi anajua jibu? Makala haya yanachunguza jinsi swali hilo lilivyojitokeza Uingereza, katika mchezo wa chemshabongo fiche, tangu miaka ya 1920 mpaka karne hii. Hoja itakayotetewa ni kwamba sheria za mchezo huo hazikutungwa na chuo kikuu wala serikali. Zilizaliwa katika mashindano. Pale ambapo kuna zawadi, mshindwa hudai ushahidi, na mwamuzi hulazimika kutoa sababu. Mwishoni itaonyeshwa kwa mifano kwamba Kiswahili kina vyombo vyote vya mchezo huo, na kwamba kinachokosekana ni mahali pa kushindania.

2. Chimbuko la mchezo na namna zake mbili

Chemshabongo ya maneno yanayokatizana ilichapishwa kwa mara ya kwanza katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913. Mtungaji wake, Arthur Wynne, alikuwa mzaliwa wa Liverpool aliyehamia Marekani. Miaka kumi na mmoja baadaye, mwaka 1924, kampuni changa ya Simon & Schuster ilitoa kitabu kizima cha chemshabongo, na mchezo ukaenea kama moto wa kiangazi. Mwaka huohuo uliingia katika magazeti ya Uingereza na Ufaransa. Gazeti la The Times la London liliukemea mwaka 1924 kama ugonjwa uliowapata Wamarekani, lakini tarehe 1 Februari 1930 nalo likachapisha chemshabongo yake ya kwanza, maana wasomaji walikuwa wakihamia kwa washindani wake. Aliyepewa kazi ya kuitunga, Adrian Bell, alikuwa kijana mkulima na mwandishi ambaye hakuwahi kufumbua hata moja.

Msomaji wa Kongo anaufahamu mchezo huu kwa sura yake ya Kifaransa. Katika sura hiyo kidokezo ni maelezo ya maana, na ustadi wa mtungaji umo katika kuyapinda maelezo hayo kwa mzaha. Kinachotajwa zaidi ni kidokezo anachohesabiwa Tristan Bernard (1866–1947), kuhusu kitu kinachomwaga mabafu na kujaza masinki. Jibu ni mapumziko ya katikati ya mchezo wa jukwaani, kwa sababu katika Kifaransa neno la bafu ni jina pia la vyumba vya watazamaji katika ukumbi wa michezo, na neno la sinki hutumika kwa vyoo. Mwandishi Georges Perec aliendeleza desturi hiyo katika jarida la Le Point tangu 1976. Ni desturi yenye uzuri wake. Hata hivyo, tazama kwamba mfumbuzi wa Kifaransa hana njia ya kuhakikisha jibu lake ila kwa kungojea herufi za maneno yanayokatiza. Yuko karibu na yule mtoto wa yai na kaburi.

Waingereza walishika njia nyingine. Katika chemshabongo yao fiche, kila kidokezo ni sentensi moja yenye sehemu mbili zilizoungwa bila mshono kuonekana. Sehemu moja hutoa maana ya jibu. Sehemu ya pili hulijenga jibu hilohilo kwa herufi zake, ama kwa kuzivuruga, ama kwa kuzificha ndani ya maneno mengine, ama kwa kuunganisha vipande. Mfano wa Kiswahili utafafanua zaidi:

Mkate mbovu umemficha mnyama mwenye mkonga (herufi 5).

Maana iko mwishoni: mnyama mwenye mkonga. Mchezo wa herufi uko mwanzoni: ndani ya maneno "mkate mbovu" zimefichwa, kwa kufuatana, herufi za TEMBO. Sentensi inapotosha, kwa kuwa msomaji huona jikoni na ghala, lakini haisemi uongo. Na mfumbuzi akishapata jibu, hahitaji kumwuliza mtu kama amepata. Njia mbili zimemfikisha mahali pamoja.

3. Torquemada: fumbo lisilo na huruma

Namna hiyo ya vidokezo haikukamilika kwa siku moja. Aliyeanza kutunga chemshabongo zenye vidokezo fiche tupu ni Edward Powys Mathers (1892–1939), mshairi na mfasiri. Wasomaji wa Kiswahili, wanaokijua kisa cha Alfu Lela Ulela, watapenda kusikia kwamba Mathers ndiye aliyekitafsiri kwa Kiingereza kutoka tafsiri ya Kifaransa ya Mardrus. Tangu 1926 mpaka kufa kwake alitunga chemshabongo ya kila wiki katika gazeti la The Observer, akijiita Torquemada, jina la mkuu wa mahakama ya kidini ya Hispania aliyesifika kwa mateso. Jina hilo lilitangaza kusudi lake. Wafumbuzi wake walijiona kama washtakiwa, nao walimpenda.

Kilele cha ukali wake ni Cain's Jawbone, fumbo alilolitoa mwaka 1934. Ni hadithi ya mauaji yenye kurasa 100 zilizochapishwa bila mpangilio, na mfumbuzi alitakiwa kuzipanga upya na kutaja wauaji na waliouawa. Idadi ya mipangilio inayowezekana ni namba yenye tarakimu 158, nayo mipangilio yote isipokuwa mmoja ni makosa. Zawadi ilikuwa pauni 15, na wakati huo watu wawili tu ndio waliofaulu. Kitabu kilipochapishwa upya mwaka 2019 kwa zawadi ya pauni 1,000, aliyeipata ni John Finnemore, mwandishi wa vichekesho vya redio, aliyelifumbua mwaka 2020 wakati watu wamefungiwa nyumbani kwa ajili ya maradhi ya Uviko.

Ukali si kosa. Kosa la Torquemada, kwa macho ya waliomfuata, lilikuwa kwamba kidokezo chake mara nyingine kilikosa sehemu moja kati ya zile mbili: maana ilikuwa dokezo la mbali, au mchezo wa herufi ulimtaka msomaji abuni kile ambacho mtungaji hakukisema. Mfumbuzi angeweza kupata jibu na bado asijue kwa nini ni jibu. Mtu akicheza nyumbani kwake peke yake, hilo ni udhia mdogo. Lakini katika shindano lenye zawadi ni dhuluma.

4. Ximenes na shindano la kutunga

Mathers alipofariki mwaka 1939, nafasi yake katika The Observer ilichukuliwa na Derrick Somerset Macnutt (1902–1971), mwalimu wa Kigiriki na Kilatini katika shule ya Christ's Hospital. Alijiita Ximenes, jina la mkuu mwingine wa mahakama ileile ya Hispania. Macnutt alikuwa na akili ya mwanasarufi. Pamoja na shindano la kufumbua, aliendesha shindano la kutunga: wasomaji hupewa neno moja, na kila mmoja hupeleka kidokezo chake cha neno hilo. Mwamuzi huchagua vilivyo bora, kisha huwatumia washiriki karatasi iliyochapishwa yenye vidokezo vilivyoshinda pamoja na maelezo ya kwa nini vimeshinda na kwa nini vingine vimekataliwa.

Karatasi hizo ndizo zilizokuwa, kwa kweli, bunge na mahakama ya mchezo huu. Mtu aliyekataliwa alitaka kujua sababu, na sababu iliyotolewa leo ilimfunga mwamuzi mwenyewe kesho. Hukumu zilirundikana kama zinavyorundikana za wazee wa baraza, mpaka zikawa sheria. Macnutt alizikusanya katika kitabu chake Ximenes on the Art of the Crossword cha mwaka 1966. Kwa muhtasari, alidai maana sahihi, mchezo wa herufi unaosema hasa kile kinachofanyika, na kutokuwepo kwa neno lolote la ziada lililowekwa kupamba sentensi tu.

Kabla yake, A. F. Ritchie, padri wa Kianglikana na mkuu wa shule, alikuwa ameligusa jambo hilo katika kitabu chake Armchair Crosswords cha mwaka 1949. Ritchie alijiita Afrit, jina linalopatikana katika herufi za mwanzo za jina lake mwenyewe na ambalo Waswahili wanalijua kama afriti. Alifundisha kwamba mtungaji ana ruhusa ya kukusudia jambo lisilokuwa lile linaloonekana katika sentensi yake, lakini hana ruhusa ya kuandika jambo lisilokuwa lile analolikusudia. Yaani, maneno yakisomwa kwa namna inayotakiwa, lazima yawe kweli neno kwa neno. Tofauti hiyo kati ya kupotosha na kudanganya ndiyo msingi wa haki katika mchezo mzima.

Baada ya Macnutt, kazi ilishikwa mwaka 1972 na Jonathan Crowther, aliyejiita Azed. Jina hilo lina herufi ya kwanza na ya mwisho ya alfabeti, na likisomwa kinyume hutoa Deza, mkuu mwingine tena wa mahakama ya Hispania. Crowther aliendeleza shindano la kutunga pamoja na karatasi za hukumu, na washindi walipokezana kikombe. Washiriki wengi walikuwa walewale mwaka hadi mwaka, wakijuana kwa vidokezo vyao kabla ya kuonana uso kwa uso. Jamii ya watu iliundwa na karatasi moja ya posta.

5. Mashindano ya mwendo: kutoka vita mpaka ukumbini

Kando ya shindano la kutunga lilikua shindano la pili, la kufumbua kwa haraka. Tukio linalokumbukwa zaidi lilitokea wakati wa vita vya pili vya dunia. Baadhi ya wasomaji wa The Daily Telegraph walilalamika kwamba chemshabongo ya gazeti hilo ilikuwa rahisi mno. Mwenyekiti wa klabu moja ya London akaahidi pauni 100, zitolewe kwa mfuko wa mabaharia wa meli za kuondoa mabomu, iwapo mtu yeyote ataimaliza chini ya dakika 12 mbele ya mashahidi. Shindano lilifanyika katika ofisi za gazeti, Fleet Street, mwezi Januari 1942. Watu watano walimaliza ndani ya muda. Wa kwanza alitumia dakika 6 na sekunde chache, lakini ilionekana kwamba neno moja limeandikwa vibaya, akaondolewa. Ushindi ukaenda kwa mtu aliyetumia karibu dakika 8.

Habari hiyo ina mkia. Baadaye baadhi ya washiriki walipokea barua za kuitwa kwa kazi ya siri, na wakajikuta Bletchley Park, mahali ambapo maandishi ya siri ya Wajerumani yalikuwa yakifumbuliwa. Serikali ilikuwa imeona kwamba mtu anayeweza kuitazama sentensi bila kutekwa na maana yake ya juu ana kipaji kinachofaa vitani.

Miaka miwili baadaye gazeti hilohilo lilitoa mfano wa upande wa pili. Mwezi Mei na mwanzoni mwa Juni 1944, majibu ya chemshabongo zake yalikuwa na maneno Utah, Omaha, Overlord, Mulberry na Neptune. Yote yalikuwa majina ya siri ya mpango wa kushuka Normandie, ambao ulitekelezwa tarehe 6 Juni. Maofisa wa usalama walimwendea mtungaji, mwalimu mkuu Leonard Dawe, wakamhoji, wasimpate na hatia. Mwaka 1984 mmoja wa waliokuwa wanafunzi wake alieleza kwamba Dawe alikuwa akiwapa wavulana wa shule miraba mitupu waijaze maneno, naye aliyachukua maneno hayo kutoka kwa askari waliopiga kambi karibu na shule. Maofisa waliona majibu matano yakilingana na siri matano, wakadhani wameona kusudi. Lakini kulingana peke yake si ushahidi. Hakukuwa na chochote ndani ya vidokezo kilichoelekeza Normandie. Mfumbuzi aliyefunzwa na sheria za haki angalidai hiyo sehemu ya pili kabla ya kutoa hukumu.

Shindano la taifa lenye utaratibu lilianzishwa na The Times mwaka 1970. Waliotaka kuingia walikuwa wengi kupita viti vya kumbi, ikabidi ichapishwe chemshabongo ngumu ya kuwachuja. Katika fainali washindani hukaa kila mtu na meza yake kama katika mtihani wa taifa. Anayemaliza huinua mkono, karatasi yake huchukuliwa, na usahihi huhesabiwa kwanza, mwendo baadaye: herufi moja mbaya humshusha hata aliyemaliza mbele ya wote. Bingwa wa kwanza alikuwa Roy Dean, mwanadiplomasia. Mwezi Desemba 1970 alifumbua chemshabongo ya The Times katika studio ya redio ya BBC kwa dakika 3 na sekunde 45.

Lakini jina linalowahusu zaidi wanaisimu ni la John Sykes (1929–1993). Alisomea sayansi ya nyota, akawa mfasiri wa vitabu vya fizikia kutoka Kirusi, kisha mhariri wa Concise Oxford Dictionary, akisimamia toleo la 1976 na la 1982. Mtu huyu wa kamusi alitwaa ubingwa mara 10 kati ya 1972 na 1990. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba hakuna atakayemfikia, mpaka alipokuja Mark Goodliffe, aliyeshinda mwaka 1999 na kisha mfululizo kwa miaka mingi tangu 2008, akampita. Si ajabu kwamba mtunga kamusi alifaulu. Kazi yake ya mchana ilikuwa kupima ni maneno mangapi, na yapi, yanayotosha kueleza neno jingine bila kupungua wala kuzidi. Hiyo ndiyo nusu ya kidokezo cha haki.

6. Araucaria: uhuru na uaminifu

Isidhaniwe kwamba sheria za Ximenes zilikubaliwa na wote. Katika gazeti la The Guardian alitunga kwa zaidi ya miaka hamsini John Graham (1921–2013), padri wa Kianglikana aliyejiita Araucaria, jina la kitaalamu la mti ambao Waingereza huuita fumbo la nyani. Katika Financial Times alijiita Cinephile, yaani mpenzi wa sinema, jina ambalo ni mvurugo wa herufi za maneno ya Kiingereza yenye maana ya msonobari wa Chile, nao ni mti uleule. Graham hakuzishika sheria zote. Vidokezo vyake viliruka kutoka kimoja hadi kingine, na sarufi yake ililegea pale ambapo mzaha ulidai. Wafuasi wa Ximenes walinung'unika, wasomaji wa kawaida wakampenda kuliko wote.

Mwezi Januari 2013 ilichapishwa chemshabongo yake yenye maelezo mafupi kwamba mtungaji ana jambo fulani, na jina la jambo hilo lilikuwa jibu la kidokezo kimojawapo. Waliofumbua waliona majibu yakijipanga mbele yao moja baada ya jingine: saratani, kisha umio, kisha uuguzi wa wagonjwa wasiotarajiwa kupona. Mzee huyo wa miaka 91 alikuwa amewaarifu wasomaji wake kwamba anakaribia kufa, naye alifanya hivyo kwa lugha ambayo yeye na wao walikuwa wakiongea kila wiki. Alifariki mwezi Novemba mwaka huohuo.

Tukio hilo linaeleza kitu ambacho kitabu cha sheria hakiwezi kukieleza. Habari kama hiyo haiwezi kupelekwa kwa njia ya fumbo isipokuwa kwa watu wanaomwamini mtungaji, wanaojua kwamba aliyoyaficha aliyaficha ili yapatikane. Ximenes na Araucaria walihitilafiana juu ya sarufi. Juu ya wajibu huo hawakuhitilafiana: katika shindano la mtegaji na mteguaji, mtegaji ndiye anayetakiwa kushindwa mwishoni, na kushindwa kwa heshima.

7. Kiswahili mbele ya mchezo huu

Huenda msomaji akasema kwamba hayo ni mambo ya Kiingereza, lugha yenye maneno mafupi yanayobadili kazi bila kubadili sura. Ni kweli kwamba upatanisho wa kisarufi wa Kiswahili hufichua mengi. Katika kidokezo kilichotajwa juu, kiambishi cha "mwenye" kimekwisha kutangaza kwamba kinachotafutwa ni kiumbe chenye uhai. Mtungaji wa Kiswahili ana pazia jembamba kuliko mwenzake wa London. Lakini upatanisho huohuo unampa bure kile ambacho Ximenes alikipigania kwa miaka thelathini, yaani maana inayolingana na jibu kwa aina ya neno na kwa idadi.

Kuhusu herufi, utajiri wa Kiswahili ni mkubwa. Herufi nne a, i, l, m zinatoa mali, mila, lima, lami na imla. Kwa hiyo kidokezo "Mali iliyovurugwa ni desturi za wazee" kinajibiwa MILA wala hakijibiwi vingine. Maneno yenye maana nyingi nayo hayakosekani: "Mnyama juu ya nyumba" ni PAA. Na mabara mawili yakiandamana huleta njia kuu, yaani BARABARA.

Zaidi ya hayo, Waswahili walikuwa na mchezo wao wa kugeuza maneno kabla Arthur Wynne hajazaliwa. Kinyume, lugha ya siri inayohamisha silabi ya mwisho na kuiweka mbele, kilisikiwa Unguja na Askofu Edward Steere, ambaye aliandika mifano yake katika kitabu chake cha lugha ya Kiswahili katika karne ya 19. Kwa kinyume, taka huwa kata, kazi huwa zika, na mali huwa lima. Mwingereza hugeuza herufi. Mswahili hugeuza silabi, kwa sababu silabi ndiyo kipimo cha sikio lake. Sheria za mchezo wa Kiswahili zitapaswa kuanzia hapo badala ya kunakili za Kiingereza.

Ugumu wa kweli uko kwingine. Kila shindano linahitaji mwamuzi, na mwamuzi anahitaji kamusi. Shindano la Azed lilihukumiwa kwa kamusi ya Chambers, wala hakuna aliyebisha. Je, shindano la Kiswahili lihukumiwe kwa kamusi ipi? Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa na TUKI mwaka 1981 ni kazi ya heshima, lakini ilitungwa Dar es Salaam. Mwanafunzi wa Lubumbashi akijaza BUKARI mahali ambapo mwenzake wa pwani angejaza neno lenye maana ileile, UGALI, je, amekosa? Akiambiwa amekosa, atakuwa amerudi katika hali ya yule mtoto aliyejibu "kaburi": jibu lake lina maana, lakini limekataliwa kwa mazoea ya watu wengine. Hata tahajia ina maswali: ch na ng' zichukue kisanduku kimoja au zaidi? Na neno lenye viambishi, kama nitakuja, liruhusiwe kuwa jibu? Maswali hayo yanaonekana madogo. Lakini ni yaleyale ambayo usanifishaji wa Kiswahili umekuwa ukiyakabili kwa kamati, na historia iliyosimuliwa hapa inaonyesha kwamba yanaweza kukabiliwa pia kwa mchezo, hukumu moja baada ya nyingine, mradi sababu za kila hukumu ziandikwe na kusambazwa.

8. Hitimisho

Imeonekana kwamba chemshabongo fiche ilianza kama mateso ya kupendeza mikononi mwa Torquemada. Mashindano ya kutunga yakamlazimisha mwamuzi atoe sababu, na sababu hizo zikawa sheria. Mashindano ya mwendo yakaweka usahihi mbele ya haraka. Mwishowe, mikononi mwa Araucaria, uaminifu uliojengwa na watungaji na wafumbuzi kwa muda mrefu ukaweza kubeba hata habari ya kifo.

Kuanzisha jambo kama hilo katika Kiswahili hakudai fedha nyingi. Kunadai neno moja kwa mwezi, washiriki wachache, mwamuzi mmoja na karatasi moja ya hukumu. Neno la kwanza laweza kuwa lile la mwanzo wa makala haya, na kidokezo kifuatacho ni mfano tu wa kushindaniwa:

Ndani ya kaya ile mna nyumba isiyo na mlango (herufi 3).

Maana ni kitendawili kilekile cha wazee, hakikuongezwa wala kupunguzwa. Lakini sasa jibu limo katika maneno yenyewe, katikati ya "kaya ile", na mtoto aliyefikiri "kaburi" anaweza kuliona kwa macho yake, akakubali bila kutoa mji.